Ijumaa moja Maskati kwa shangazi: niliyoyaona kuanzia adhana ya alfajiri hadi chetezo cha udi

#1 Mleta uzi (Tanga)

Wakuu, habari zenu. Tangu nirudi, kila nikikaa barazani naulizwa Maskati kukoje, nami naishia kujibu "kuzuri" kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Leo nimepata nafasi, nataka nilieleze lote. Nitachukua siku moja tu, Ijumaa ya kwanza niliyoamkia kwa shangazi, maana ndiyo siku niliyoona mengi.

Kwanza nasaba kidogo ili tuelewane. Babu yangu mzaa baba alikuja na jahazi wakati wa kaskazi kutoka Sur, bandari ya Oman, akaoa Pangani, akazaa, akazikwa huku huku. Baba hakuondoka Tanga maisha yake yote. Dada yake, yaani shangazi yangu, aliolewa Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mumewe akahangaika naye Dubai miaka kadhaa. Mwaka 1970 Sultan Qaboos akashika utawala wa Oman na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi wajenge nchi, nao wakaenda. Kuanzia hapo shangazi amefika Tanga mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja kwa msiba. Sasa anakaribia miaka themanini, ana wajukuu na kitukuu mmoja. Mimi ndiye wa kwanza upande wetu kumfuata.

Mwezi wa sita kule adhana ya alfajiri inatoka karibu saa kumi usiku. Binamu yangu mkubwa akaniamsha, tukaenda msikitini kwa gari. Msikiti wenyewe uko umbali wa barabara tatu za kwetu Ngamiani, Tanga, kwa hiyo nilimwambia tutembee. Akafungua mlango wa nje, joto likatupiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya wali, na jua bado halijachomoza. Sikusema tena habari ya kutembea.

Imamu alipomaliza Alhamdu, mimi nikaitika "Amina" kwa sauti kama tunavyoitika Tanga. Sauti yangu ilitoka peke yake. Rakaa ya pili, baada ya kurukuu, nikabaki nimesimama nasubiri dua ya kunuti, wenzangu wote wameshakwenda kusujudu. Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu yenye wafuasi wengi Oman, hawaitiki Amina, hawana kunuti, hawainui mikono kwenye takbira, na wanaswali mikono imeshuka ubavuni. Hayo nilikuwa nayajua kwa kusikia. Sikujua yatanigusa vile. Baba alikuwa akitusimulia kwamba babu aliswali mikono chini mpaka anakufa, na watoto wa Pangani wakidhani mzee amechoka hawezi kuikunja. Alfajiri ile nilikuwa nimesimama kwenye safu nzima ya mababu, mikono yote imeshuka hivyo hivyo. Na jirani yangu wa kushoto alikuwa amefunga mikono kifuani kama mimi, kwa sababu kule Waibadhi na Masuni wanaswali msikiti mmoja na hakuna anayemgeukia mwenzake.

Tuliporudi kulikuwa na tende na kahawa. Hapa nataka nikae kidogo.

Kahawa yetu ya Tanga mnaijua: nyeusi, chungu, muuzaji anapita na dele lake juu ya mkaa anagonganisha vikombe, unakunywa na kashata huku watu wanabishana mpira. Ya kule ni nyepesi, rangi yake inakaribia chai ya rangi, na iliki imekolea mpaka unaisikia puani kabla hujainywa. Lakini tofauti kubwa ni unywaji wake. Mjukuu wa shangazi, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alisimama mbele yetu, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Anamimina kidogo tu, chini ya nusu ya kikombe, anakupa kwa mkono wa kulia. Unamaliza, anamimina. Unamaliza, anamimina. Mimi nilifika kikombe cha sita au cha saba nikiamini kwamba kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, na yule kijana naye hakai, kwa sababu hawezi kukaa mgeni hajamaliza. Binamu akachukua kikombe chake, akakitikisa mara mbili tatu kwa vidole, kushoto kulia, akakirudisha. Kijana akakipokea bila neno. Ndiyo "nimetosheka" yao. Nikatikisa na mimi, mtoto wa watu akaenda kukaa.

Nimefikiria sana jambo lile. Kwetu mtu akikukaribisha chakula unasema "nimeshiba, ahsante," naye anasema "ongeza kidogo," unasema "wallahi nimeshiba," na mabishano hayo ndiyo heshima yenyewe. Kule mkono unasema mara moja na hakuna anayekulazimisha. Nilipenda, ingawa siku ya tatu nilianza kutamani mtu aniambie "ongeza."

Shangazi akatoka ndani mchana umeshapanda. Wajukuu wakainuka, kila mmoja akambusu utosini. Mimi nikasema, "Shikamoo shangazi." Akasimama. Akaitika "Marahabaa, mwana wa kaka yangu," akaivuta ile marahaba mpaka ikawa ndefu, kisha akanishika mkono hakuuachia. Aliniambia nyumba nzima ile hakuna anayempa shikamoo. Heshima anapata, ya kubusiwa kichwa, lakini neno lenyewe alikuwa hajalisikia likielekezwa kwake siku nyingi.

Kiswahili cha shangazi, jamani. Kimekaa vile vile kilivyoondoka Unguja. Gari kwake ni motokari. Hospitali ni spitali. Nilipomweleza kwamba safari ilikuwa na changamoto nyingi, akauliza, "Changamoto ndo nini, mwanangu?" Nikatafuta neno lingine, nikasema taabu. "Aa, taabu!" akasema, "si useme taabu!" Nikajikuta siku nzima nachuja maneno, naacha mchakato, naacha wadau, naacha fursa, na kila nilichotaka kusema kikapatikana bila hayo.

Saa nayo. Shangazi aliagiza chakula kiwe tayari saa nane, yaani saa nane yetu, mchana. Mjukuu mmoja akapiga simu kuuliza, akaambiwa saa nane, akaelewa saa mbili usiku, kwa sababu vijana wa kule wanahesabu saa kama Waarabu wa leo na Wazungu. Alifika chakula kimeshaliwa zamani. Binamu ananiambia jambo hilo hutokea kila mara, ndani ya nyumba moja kuna saa mbili: ya bibi na ya wengine wote. Na juu ya hayo Oman imetangulia Tanga kwa saa moja kamili, kwa hiyo mimi nilikuwa na ya tatu kichwani.

Nyumba yenyewe ni nyeupe, ina ukuta mrefu na geti la chuma. Nilitafuta baraza sikuliona. Nyumba zetu za pwani, hata ya maskini, ina kibaraza cha nje mtu apumzike, apokee salamu za wapita njia, ajue nani kaumwa na nani kasafiri. Kule baraza limeingia ndani. Wanaliita majlisi: chumba kikubwa, mazulia, mito ukutani, na kina mlango wake unaofungukia nje ili mgeni mwanamume aingie na kutoka bila kupita walipo wanawake. Ndani hewa ya baridi. Njia nje ni tupu, hapiti mtu wa kumsalimu. Nilimuuliza binamu, jirani akipatwa na jambo mnajuaje? Akasema kwa simu, na msikitini. Nikaona ni kweli, msikitini ndipo walipokuwa wakiulizana habari kwa mlolongo kama wetu, habari za nyumbani, habari za watoto, na jibu la kwanza daima ni kwamba hakuna ila kheri. Hilo nililitambua mara moja. Sisi nasi husema "nzuri" kwanza, ndipo tunataja msiba.

Binti za shangazi walikuja kunisalimu. Tanga binamu zangu wa kike wananitania mbele za watu, wananiita mume wao, wananipokonya simu. Hawa walisimama mlangoni wamevaa abaya, mkono kifuani, wakaniuliza hali ya mama kwa Kiswahili kizuri kabisa, wakarudi ndani. Mkono nilikuwa nimeshaunyosha, nikauweka kifuani na mimi. Moyoni niliumia kidogo, nisiwafiche. Utani wa binamu ni kitu nilichokulia nacho.

Sasa jikoni. Shangazi alitaka anipikie wali wa nazi kwa mkono wake, wala hakukubali kuzuiwa. Nazi zilikuwa zimeletwa kutoka Salalah, maana upande ule wa kusini unapata mvua za majira ya joto, minazi na migomba na mipapai inaota. Na alichokitoa kabatini ni mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ya mti wa zamani, kiti chake kimeng'aa kwa kukaliwa, chuma kimelika meno mpaka yamebaki vijipele. Ilikuwa ya mama yake, bibi yangu wa Pangani. Imepita Unguja, ikapita Dubai, ikafika Maskati. Shangazi magoti hayamruhusu tena kuikalia, kwa hiyo aliyekaa na kukuna alikuwa dada wa kazi, na shangazi amesimama pembeni anasema, "Usifikie kwenye kifuu, yatatoka meusi."

Dada yule ni Mtanzania, wa Singida. Hapa ndipo siku yangu ilipogeuka.

Kitukuu cha shangazi, mtoto wa miaka mitano, aliingia jikoni anasema, "Dada, nimechoka bwana, nataka maji." Kiswahili safi, lakini cha bara! Nikamwambia hujambo, akaniambia "Poa." Shangazi akacheka, akasema anamshangaa mtoto huyu maneno haya kayatoa wapi. Nilipata jibu pale pale. Baba yake na mama yake wanasemeshana Kiarabu, skuli anasoma Kiarabu na Kiingereza, bibi mkubwa anamwona Ijumaa. Anayeshinda naye ni dada wa Singida. Lugha ambayo babu zetu waliivusha bahari miaka yote hiyo, na shangazi ameitunza kama ile mbuzi, kwa mtoto huyu inamfikia kwa mdomo wa binti aliyekuja kufanya kazi za ndani. Akiondoka yeye, naogopa itaondoka naye.

Chakula kilipoiva, sinia la wanaume likaletwa majlisini, wanawake la kwao ndani. Wali wa nazi wa shangazi, kabuli ya nyama, nguru wa kukaanga, na sahani ya boko boko, ambayo wao wanaiita arsia. Tulikula kwa mkono, watu sita kwenye sinia moja, na binamu kila mara ananisukumia nyama upande wangu, kitu ambacho baba alikuwa akifanya na sikujua kakirithi wapi. Dada wa Singida aliweka sinia, akatoka. Nilimuuliza binamu anakula wapi. Akasema jikoni, na mwenzake wa Kihindi, wamezoea. Akaongeza, "Huyu kwetu ni kama ndugu." Nikamwambia ndugu mimi hapa nipo kwenye sinia. Hakukasirika, alinyamaza tu.

Baadaye nilikwenda mpaka mlango wa jikoni kumshukuru. Aliniuliza Tanga ipi, nikamwambia Ngamiani. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, akauongeza. Anajenga kwao, vyumba vitatu, nyumba imefika lenta. Alisema shangazi ni mtu mwema, na siku anazokuna nazi anaongea naye mpaka anasahau aliko. Alisema pia jambo ambalo sikulitegemea: mwanzoni yeye na shangazi walikuwa hawaelewani, kila mmoja anamwona mwenzake Kiswahili chake si sawa.

Jioni jua lilipolegea, binamu akaosha gari kwanza (gari chafu barabarani linaweza kumletea mtu faini) ndipo akatupeleka Matrah, kwenye soko la zamani. Wanaendesha mkono wa kulia, nami kila kwenye mzunguko nilikuwa nakanyaga breki hewani. Njiani akasimama nje ya kijimgahawa, akapiga honi. Nikadhani anagombana na mtu. Akatoka kijana wa Kibangali mbio na kikaratasi, akachukua agizo dirishani, akaleta chai ya maziwa yenye iliki, wanaiita karak. Kwetu ukimpigia mwenye mgahawa honi aje nje, hiyo ni dharau na utaambiwa. Kule joto ndilo lililoleta desturi hiyo, na yule kijana alipokea honi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Bei zao zina tarakimu tatu baada ya nukta, maana riali moja ni baisa 1000, na riali moja inazidi dola mbili na nusu. Nililipia ubani nikiwa nimesoma bei vibaya, muuzaji akanirudishia chenji mpaka baisa ya mwisho. Sokoni Matrah nilinunua ubani wa Dhofar, kule kusini upande wa Salalah, ule mweupe wenye ukijani ambao wanauita hojari, na nilipita kwenye harufu moja nikasimama: papa mkavu. Harufu ile ile ya papa wetu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka alitusikia tukiongea, akauliza, "Mmetoka upande gani, wanangu?" Alizaliwa Wete, Pemba. Hatukupata hata dakika tano naye, lakini alimshika binamu bega na kumwambia, "Huyu mgeni msimwache aondoke bila kula halua."

Usiku wakaja wazee wa familia majlisini. Halua, kahawa, mazungumzo, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Mzee mmoja aliivua kofia yangu kichwani kwa ruhusa yangu, akaitazama tobo kwa tobo kwenye taa. Ni kofia ya viua, ameishona mke wangu. Wao wanavaa kumma, na kumma na kofia yetu ni mtu na ndugu yake. Alisema mama yake alikuwa akishona hivyo hivyo Unguja, na kwamba siku hizi nyingi zinatoka mashine. Nikamwachia. Alitaka kulipa nikakataa, na yeye hakubishana kama tungebishana Tanga. Aliiweka kichwani akakaa nayo.

Saa nne usiku yule kijana wa kahawa akaingia na chetezo. Moshi wa udi ukazunguka, kila mzee anautia ndani ya kanzu, anapitisha kwenye ndevu. Kwetu udi tunafukiza kabla mgeni hajafika, aingie nyumba inanukia. Nilijua ndiyo kwanza kumekucha, nikajiegemeza vizuri kwenye mto. Wazee wote wakasimama. Wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa.

---

#2 Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, umenirudisha kwa marehemu nyanya yangu. Huku Old Town wazee walikuwa wakitikisa kikombe vivyo hivyo, sisi watoto twadhani ni kukung'uta tone la mwisho. Sijamuona mtu akifanya hivyo tena miaka mingi. Kuhusu binamu kusimama mlangoni, usiumie sana. Hata huku ziko nyumba hivyo. Lakini nina suali: hao watoto wa binamu wenyewe, vijana wa miaka ishirini, wasema Kiswahili ama wasikia tu?

---

#3 Mdau wa Bujumbura

Asante kwa uzi. Watu wengi wakisikia Waswahili wa Oman wanafikiria Unguja na Pemba peke yake. Mimi ndugu zangu wa upande wa mama wako kule na walitoka huku Bujumbura, mababu walikuwa wafanyabiashara ziwani. Ukiingia kwao utasikia Kiswahili chetu cha Buyenzi, na wakubwa wakitaka watoto wasielewe wanageukia Kifaransa. Majirani zao wanawaita Wazanzibari vile vile, hata ambao hawajawahi kuiona bahari ya Zanzibar. Mjomba alikuwa anakasirika mwanzoni, siku hizi anaitika.

Jambo moja nililoliona mimi: kule mgeni haulizwi anaondoka lini. Mimi nilikaa siku kumi na mbili hakuna aliyeuliza. Huku kwetu siku ya tatu mtu anaanza kukuuliza kwa upole kama umeshapata tiketi.

---

#4 Mdau wa Dar

Mleta uzi umeandika vizuri, ila kwenye suala la dada wa kazi kuwa mkweli. Hapa kwetu dada anakula wapi? Anakula jikoni, tena akimaliza kulisha watoto, tena kilichobaki. Tusiwahukumu Waomani kwa jambo ambalo tunalifanya Sinza na Mbezi kila siku na dada mwenyewe ni mtoto wa mjomba kutoka kijijini.

---

#5 Mdau aliyefanya kazi huko

Naomba niseme na mimi, nilikuwa Oman miaka minne, nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza sitaisema sana. Simu nilikuwa napewa Ijumaa tu, nusu saa. Walikuwa hawanipigi na mshahara walilipa, lakini nilikuwa siitwi jina langu. Miezi kumi sijaitwa jina. Ukikaa hivyo unaanza kujiita mwenyewe ukiwa unaosha vyombo. Kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikubali nihame, namshukuru kwa hilo.

Nyumba ya pili alikuwapo bibi anayesema Kiswahili, kama shangazi yako. Siku ya kwanza aliniuliza, "Jina lako nani, na la mama yako?" Nikalia. Watu wanadhani tunachotaka ni kula sebuleni na wao. Mimi binafsi jikoni nilikuwa nakula kwa raha zangu, nimekunja miguu, naongea na mwenzangu. Kukaa kwenye sinia la watu ambao wananilipa kungeninyima hata kumeza. Kinachouma ni jina, na simu, na kupumzika siku moja ukajua ni yako.

Na hilo la mtoto kusema Kiswahili cha bara ni kweli tupu. Mtoto wao wa mwisho nilimlea kuanzia hajatambaa. Usiku nilikuwa namtegea vitendawili, namwambia "Kitendawili!" anajibu "Tega!" Bibi anatoka chumbani kwake anakuja kukaa mlangoni kusikiliza, na akijua jibu anamwachia mtoto alitaje. Kuna alivyovijua yeye ambavyo mimi sikuvijua, akawa ananifundisha na mimi. Mpaka leo mtoto ananitumia ujumbe wa sauti, ila sasa anachanganya. Juzi alisema "dada nakumiss" nikamwambia sema "nimekukumbuka," akasema.

---

#6 Mleta uzi (Tanga)

Nimesoma michango yote, ahsanteni.

Mdau wa Mombasa, wale wa miaka ishirini wanasikia. Ukiwaambia leta maji wanaleta, ukisema jambo la kuchekesha wanacheka, lakini kujibu wanajibu Kiarabu. Katika vijana wote mmoja tu ndiye aliyejitahidi kunijibu kwa Kiswahili, na ni yule wa kahawa. Nilimuuliza kwa nini yeye anaweza. Akasema alipokuwa mdogo alilala chumba kimoja na bibi.

Mdau wa Dar, umesema kweli na sitabisha. Nyumbani kwangu mambo yalikuwa hivyo hivyo, na nilikuwa siyaoni mpaka nilipoyaona kwa watu. Nimezungumza na mke wangu.

Dada uliyefanya kazi huko, nimesoma ulichoandika mara tatu. Nilidhani jambo ni sinia, na wewe umeniambia jambo ni jina. Nikarudi kukumbuka: siku ile nilizungumza na dada wa Singida karibu robo saa, nikamuuliza kwao, mkataba, nyumba yake imefika wapi, na sikumuuliza jina. Jana nikampigia binamu, nikamwomba aniitie dada huyo. Amenitajia jina lake. Nimemwambia shangazi akipata nafasi amfundishe yule mtoto kumwita "dada" pamoja na jina lake, shangazi akasema yeye mwenyewe humwita kwa jina, ni hao wengine.

Katika simu hiyo hiyo shangazi alinipa maagizo. Hataki khanga, hataki karafuu, vyote anavipata Matrah. Anataka chuma cha mbuzi. Kiti kibaki kile kile cha mama yake, kibadilishwe chuma tu, maana dada analalamika meno hayashiki nazi, inateleza. Nimepimiwa kwa uzi: urefu shubiri moja na vidole viwili, upana wa shingo kidole gumba. Nimempelekea mhunzi Ngamiani leo asubuhi. Alipima, akaniuliza mbuzi yenyewe iko wapi aione. Nikamwambia iko Maskati. Akasema basi atachonga meno makali kidogo kuliko kawaida, wakiyaona yanazidi wayapige tupa huko huko. Jumatano nakwenda kukichukua.